Nyumba Bila Ardhi: Unanunua Nini Hasa Mombasa?

Dalali wa mtaa wa Majengo, Mombasa, akikwambia "kuna nyumba inauzwa", bado hajakwambia kitu. Huenda anauza jengo pamoja na kiwanja chake. Huenda anauza jengo peke yake. Huenda pia anauza fungu la mrithi mmoja kati ya tisa, na wale wanane hawana habari. Kabla ya kuuliza bei, vyumba au maji, uliza: "Na kiwanja ni cha nani?"

Nairobi au Eldoret swali hilo lingechekesha, maana huko kwa kawaida mwenye ardhi ndiye mwenye kilichosimama juu yake. Mombasa ni swali la kila siku. Kuanzia Majengo na Bondeni kisiwani hadi Kongowea, Kisauni, Mshomoroni na Likoni, mtu anaweza kuwa na nyumba iliyojengwa na babu yake, yeye mwenyewe kazaliwa humo, maiti za wazee wake zimetolewa kwa mlango huo huo, na bado kila mwezi anampelekea mtu mwingine kodi ya pale nyumba ilipokaa. Mpango huu ndio unaoitwa nyumba bila ardhi. Si utapeli, ingawa matapeli wanaupenda sana. Ni utaratibu wa zamani ambao sheria za leo hazikuutengea sura yake, na anayenunua bila kulijua hilo hulipa bei ya nyumba akapata kuta.

Mali mbili mahali pamoja

Mizizi yake iko katika sheria ya Kiislamu na desturi za pwani, ambazo zinakubali kitu kilichopandwa au kujengwa kiwe na mwenyewe, na udongo ulio chini yake uwe na mwenyewe mwingine. Ndiyo maana mpaka leo utasikia mtu ana minazi kumi na miwili katika shamba la mwenzake, na mwenye shamba hathubutu kuangua hata dafu moja. Nyumba ilihesabiwa hivyo hivyo. Sheria ya Kiingereza, iliyokuja baadaye, ina msimamo wa kinyume: kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi.

Mifumo hiyo miwili ilikutana mwaka 1895, Waingereza walipochukua usimamizi wa ukanda wa maili kumi ambao ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1908 wakatunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya pwani. Kila mwenye dai alitakiwa alipeleke na kulithibitisha. Aliyefaulu alipewa cheti cha umiliki, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Waliofahamu mambo ya makaratasi, wengi wao familia za Kiarabu na za Waswahili wa mjini, walipata vyeti. Wamijikenda waliokuwa wakilima kwa utaratibu wa ukoo, na watu waliotoka utumwani, wengi wao hawakupata kitu. Malalamiko mengi ya uskwota unayoyasikia kutoka Lamu hadi Kwale yanaanzia hapo.

Kisha ikaja reli, ambayo ujenzi wake ulianzia Mombasa mwaka 1896, ikaja na bandari ya Kilindini, na watu wakamiminika kutafuta kazi. Mwenye cheti hakuwa na fedha za kujenga, au hakutaka shida. Mfanyakazi hakuwa na fedha za kununua ardhi. Wakakutana katikati: jenga, nyumba iwe yako, nipe kodi ya kiwanja kila mwezi. Ndivyo zilivyoota safu za nyumba za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma wenye choo, kisima na jiko. Kuta zilikuwa za boriti na udongo, na paa la makuti. Baadaye makuti yakaondoka, mabati yakaingia, na udongo ukapigwa plasta ya saruji.

Uhuru haukubadili msingi huo. Katika barua walizobadilishana Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, Oktoba 1963, ukanda wa pwani ulipokuwa unaingizwa Kenya, iliahidiwa kuwa hatimiliki za milki kamili, yaani zisizo na kikomo cha miaka, zilizokwisha kusajiliwa pwani zitatambuliwa wakati wote. Kwa hiyo mwenye cheti alibaki na cheti chake. Mwaka 2012 Sheria ya Usajili wa Ardhi ikaifuta ile ya 1908 pamoja na nyingine kadhaa, lakini sheria mpya hazikuweka sura hata moja ya nyumba bila ardhi. Mpango umebaki ukiishi katika desturi, vitabu vya risiti na hukumu za mahakama.

Soma risiti kabla ya kusoma nyumba

Karatasi muhimu kuliko zote katika biashara hii ni ndogo kuliko kiganja: risiti ya kodi ya kiwanja. Itazame kwa makini. Juu kuna jina la mwenye ardhi, au la wakala anayemkusanyia, au la wakfu. Chini yake kuna namba ya kiwanja, mwezi uliolipiwa, kiasi, na jina la mwenye nyumba.

Jina hilo ndilo linaloleta balaa. Mara nyingi si la anayekuuzia. Ni la babu yake aliyefariki miaka mingi iliyopita, kwa sababu mkusanyaji hakujali nani analeta pesa alimradi zimefika. Risiti yenye jina la marehemu inakwambia mambo mawili kwa mpigo: kwamba nyumba ni ya mirathi, na kwamba huenda mirathi hiyo haijagawanywa.

Namba ya kiwanja nayo ina habari zake. Kisiwani namba huandikwa kwa bloku na tarakimu za Kirumi, mfano Mombasa/Block XVII ikifuatiwa na namba. Bara upande wa kaskazini zinaanza na MN, kusini MS. MN/I kwa mfano ni upande wa Nyali. Hati nyingi za zamani zina pia namba ya C.R., yaani ya daftari la usajili la pwani. Serikali ilipoanza kubadilisha hati za zamani ziingie katika mfumo mmoja wa usajili, viwanja kadhaa vilipewa namba mpya. Kwa hiyo uliza namba ya zamani na mpya, na ukague zote mbili.

Ukaguzi wenyewe, ambao mawakili wanauita sachi, unafanyika ofisi ya usajili wa ardhi kwa kutumia namba hiyo. Watu wengi wanaonunua nyumba bila ardhi hawaufanyi, wakidhani kwa kuwa hawanunui ardhi, daftari la ardhi haliwahusu. Hapo ndipo wanapokosea. Daftari litakuonyesha kama anayepokea kodi ndiye mwenye kiwanja kweli, kama kiwanja kimewekwa rehani benki, kama kuna zuio la mahakama, na kama kimeshauzwa kwa kampuni ambayo jina lake hujawahi kulisikia mtaani. Hili la mwisho ndilo baya zaidi. Kampuni inayonunua kiwanja chenye nyumba thelathini haikinunui ili ikusanye kodi ndogo ndogo.

Sheria inakupa nini, na inakunyima nini

Hapa kuna imani tatu za mtaani zinazohitaji kusahihishwa.

Ya kwanza ni ile ya miaka 12. Ni kweli kwamba Kenya mtu aliyekaa kwenye ardhi ya binafsi kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila ruhusa ya mwenyewe, anaweza kwenda mahakamani kudai asajiliwe kuwa mmiliki. Neno zito hapo ni "bila ruhusa". Anayelipa kodi ya kiwanja yupo kwa ruhusa, na kila risiti anayoitunza kwa uangalifu ndani ya bahasha ni ushahidi wa ruhusa hiyo. Akae miaka 12 au 60, dai lake halisimami kwa njia hiyo. Na kuacha kulipa ili saa ianze kuhesabu ni mchezo wa hatari: kabla miaka haijatimia utaletewa notisi kwa kudaiwa kodi. Ardhi ya umma haidaiwi hivyo hata kidogo.

Ya pili: "Hawezi kunitoa, nimejenga ya mawe." Anaweza. Pasipo mkataba wenye muda, Sheria ya Ardhi ya 2012 inahesabu kuwa upangaji wako ni wa kipindi, na kipindi chenyewe ni kile unacholipia. Ukilipa kwa mwezi, wewe ni mpangaji wa mwezi kwa mwezi, na upangaji huo unaweza kusitishwa kwa notisi isiyopungua kipindi kimoja. Notisi ikiisha, wewe sasa unahesabiwa kama mtu aliyekaa bila haki. Hapo marekebisho ya 2016 yanakupa kinga kidogo: mwenye ardhi ya binafsi lazima atoe notisi ya maandishi isiyopungua miezi 3 kabla ya kuwaondoa watu, na aliyepewa ana haki ya kwenda mahakamani kuomba nafuu. Mahakama inaweza kuongeza muda au kuweka masharti. Lakini kuongezewa muda ni kitu kimoja, na kupewa haki ya kubaki ni kitu kingine.

Ya tatu inahusu fidia. Wengi wanaamini mwenye kiwanja lazima amlipe mwenye nyumba thamani ya jengo. Wapo wenye viwanja wanaolipa, kwa heshima au kwa kutaka mambo yaishe haraka. Ila kama halikuandikwa mahali, usilitegemee. Kinachotarajiwa kwa kawaida ni upewe muda wa kutosha uondoe kilicho chako, na nyumba ya mawe haiondoleki. Unachotoa ni mabati, milango na madirisha.

Kiwanja kikiuzwa, upangaji wako hauyeyuki siku hiyo. Upangaji wa kipindi ni miongoni mwa haki zinazomfunga mmiliki mpya hata kama hazikuandikwa kwenye daftari. Anakupokea ulivyo. Tatizo ni kwamba anaupokea pia uwezo wa kukupa notisi ambao mwenzake alikuwa nao na hakuutumia kwa miaka 40.

Na benki? Mkopo wa nyumba hulindwa kwa rehani inayosajiliwa kwenye hatimiliki. Wewe huna hatimiliki, hivyo hiyo ni biashara ya fedha taslimu kwa mnunuzi, na itakuwa ya fedha taslimu kwa atakayenunua kutoka kwako. Hii ni sababu mojawapo ya bei kuwa chini.

Ukiamua kununua jengo

Wapo wenye sababu nzuri za kununua. Nyumba iko karibu na kazi, na watoto, na msikiti, bei ni sehemu ndogo ya bei ya nyumba yenye hati, vyumba vinapangishika. Basi nunua, lakini mpangilio wa hatua ndio utakaokulinda.

Anza kwa mwenye kiwanja, si kwa muuzaji. Baada ya sachi, nenda kwake mwenyewe ukiwa na kitambulisho na umwulize mambo manne: je, anamtambua huyu kuwa mwenye nyumba, kuna malimbikizo ya kodi kiasi gani, anakubali nyumba iuzwe, na akikubali, atataka nini. Desturi ni kwamba mwenye kiwanja hupata chake nyumba inapobadilisha mikono, na kiasi hutofautiana na mtu na mtaa. Kijulikane mapema na kiandikwe nani analipa. Ukinunua bila ridhaa yake, siku utakapopeleka kodi atakataa kukuandikia risiti kwa jina lako, na wewe usiye na risiti huna hata ule upangaji wa mwezi kwa mwezi.

Akijibu wakala badala ya mwenyewe, omba hati ya uwakala iliyosajiliwa. Wenye viwanja wengi, au warithi wao, wanaishi mbali: Zanzibar, Oman na nchi nyingine za Ghuba, Uingereza. Hakuna ubaya, ila hati ya uwakala ya kawaida hufa pamoja na aliyeitoa. Kuna wakala anayeendelea kukusanya kodi na kutoa ridhaa kwa niaba ya mtu aliyezikwa zamani. Ridhaa yake haina uzito, na warithi wakijitokeza hawawajibiki kuiheshimu. Swali la adabu linalofaa kuulizwa ni: "Mzee yu hai? Naweza kuzungumza naye kwa simu?"

Kiwanja kikiwa cha wakfu, hesabu ni nyingine. Mali ya wakfu haiuzwi kama mali ya mtu. Mapato yake yana walengwa waliotajwa na aliyeiweka. Msimamizi wa wakfu ndiye wa kuandikiana naye, na ridhaa ya mmoja wa wanufaika haitoshi. Upande wa pili, kiwanja cha wakfu hakina haraka ya kuuzwa kwa mjenzi wa maghorofa, kwa hiyo kwa mwenye nyumba huenda kikawa salama kuliko cha tajiri.

Kisha ndipo uje kwa muuzaji, na hapa mirathi ndiyo shimo kubwa. Tuseme marehemu Mwislamu ameacha mjane, wana wawili na mabinti watatu, na nyumba inauzwa shilingi 2,400,000. Mjane, kwa kuwa kuna watoto, anapata thumni, yaani moja ya nane, ambayo ni 300,000. Zinabaki 2,100,000. Mwana huhesabiwa mafungu mawili na binti moja, jumla mafungu saba ya 300,000 kila moja: kila mwana 600,000, kila binti 300,000. Watu sita. Kaka mkubwa anayekuonyesha nyumba na kushika funguo ana robo tu ya mali. Saini yake peke yake imekuuzia robo, tena robo isiyoonekana iko chumba gani. Dada aliyeolewa Malindi atakuja baada ya miaka mitatu, na atakuwa na haki.

Dawa yake ni hati ya usimamizi wa mirathi iliyothibitishwa, ya Mahakama ya Kadhi kwa Waislamu walioipeleka huko au ya mahakama nyingine, yenye majina ya warithi wote. Kabla ya kuthibitishwa, msimamizi haruhusiwi kuuza mali isiyohamishika ya marehemu. Hata ukiwa nayo, warithi wazima wote watie saini makubaliano. Kikao cha familia kilichosomwa fatiha ni kizuri kwa baraka, lakini mahakamani kinahitaji karatasi. Mume au mke wa muuzaji naye atie saini ya ridhaa ikiwa nyumba ni makazi yao ya ndoa.

Mkataba wenyewe uandikwe na wakili, utiwe saini na kila upande, na kila saini ishuhudiwe. Utaje wazi kwamba kinachouzwa ni jengo bila ardhi, utaje namba ya kiwanja, vipimo vya jengo, mipaka ya ua, choo na kisima ni vya nani, na minazi au miembe iliyopo inakwenda na nani. Mti mmoja wa mwembe umeshawahi kugombanisha nyumba mbili kwa kizazi kizima, usidharau.

Halafu kuna mkataba wa pili ambao watu wengi hawaufanyi, na kwa maoni yetu ndio wenye thamani kuliko ule wa kwanza: mkataba wa ukodishaji kati yako na mwenye kiwanja. Hapa ndipo pesa ya wakili inapofanya kazi. Omba muda, tuseme miaka 20 au 30. Weka kiwango cha kodi na jinsi itakavyopanda. Weka kwamba akitaka kuuza atakupa wewe nafasi ya kwanza, maana hakuna sheria ya jumla inayomlazimisha. Weka namna ya kukadiria fidia ya jengo ikiwa atataka kiwanja kabla ya muda. Na weka unaruhusiwa kujenga nini. Kisha usajili. Ukodishaji wa zaidi ya miaka miwili unahitaji kusajiliwa dhidi ya hatimiliki ili umfunge mmiliki ajaye. Usiposajiliwa unabaki kuwa ahadi ya mtu mmoja. Mwenye kiwanja akikataa katakata kuandika chochote, amekwambia mpango wake bila kuutaja.

Kuhusu kujenga: kubomoa nyumba ya udongo na kuinua ghorofa kunahitaji kibali cha kaunti, na ombi la kibali linahitaji uthibitisho wa umiliki wa ardhi au ridhaa ya mwenyewe. Wanaojenga usiku usiku bila ridhaa wanampa mwenye kiwanja sababu ya kuwaondoa ambayo hakuwa nayo jana. Mji wa Kale wa Mombasa na mji wa Lamu, ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, vina masharti ya ziada ya uhifadhi. Huko hata mlango wa mbele haubadilishwi kiholela.

Kuunganisha nyumba na ardhi yake

Suluhisho kamili ni kununua kiwanja. Ugumu ni kwamba hati mara nyingi ni moja kwa eneo lenye nyumba nyingi. Ili akuuzie kipande chako, ardhi lazima igawanywe: mpimaji aje, kaunti iidhinishe mgawanyo, ramani ipitishwe, namba mpya zitoke. Kipimo kikishawekwa, ndipo inapojulikana kwamba choo chako kiko kwa jirani na kwamba njia ya kupitisha jeneza haina upana unaotakiwa na mipango miji. Mtu mmoja hawezi kuubeba mzigo huo. Wakazi wanaofanikiwa ni wale wanaojiunga, wakachangia mpimaji mmoja na wakili mmoja, wakakubaliana nani anakatwa futi ngapi kabla ya fedha kutoka. Mara chache Serikali yenyewe huinunua ardhi na kuwauzia waliomo, kama ilivyofanya kwa shamba la Waitiki huko Likoni, ekari 930, ambalo wakazi walianza kupewa hatimiliki Januari 2016. Msisubiri hilo.

Kuanzia hapo ni ununuzi wa kawaida: malipo ya awali, mara nyingi asilimia 10; cheti cha kutodaiwa ada za kaunti; uthamini wa Serikali; ushuru wa stempu wa asilimia 4 mjini au 2 mashambani, unaolipwa na mnunuzi; kodi ya faida ya mtaji ya asilimia 15 kwa muuzaji; kisha usajili. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, kama mashamba mengi ya Kilifi na Kwale, lazima ombi la ridhaa ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu kuandikiana, la sivyo makubaliano yanakuwa batili.

Na kiwanja cha ufuoni

Watu hudhani mwenye hatimiliki ya ufuoni hana wasiwasi kama wa Majengo. Ana wa kwake. Eneo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma kwa Katiba ya 2010, hivyo ukuta uliojengwa mpaka mawimbi yanapogonga una kosa tayari. Raia wa kigeni hupata ukodishaji wa miaka isiyozidi 99, si milki kamili, na kampuni huhesabiwa ya kienyeji ikiwa tu hisa zote ni za raia. Mswahili wa Muscat au London mwenye uraia pacha wa Kenya ni raia, na haguswi na kikomo hicho.

Lililotikisa soko ni hukumu ya Mahakama ya Juu ya Aprili 2023 katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa. Kampuni ilikuwa na hati ya kiwanja cha Nyali iliyokinunua 2006. Mwaka 2017 kaunti ikabomoa ukuta wake kufungua njia ya kwenda ufuoni. Mahakama ilisema ardhi ilikuwa eneo la wazi la umma, mgao wa kwanza wa 1989 haukufuata utaratibu, na mnunuzi wa baadaye hawezi kujificha nyuma ya hati hata kama alilipa kwa nia njema. Mwaka huo huo mahakama hiyo ikasema pia, katika kesi nyingine, kwamba barua ya mgao, ile anayopewa mtu anapogawiwa kiwanja cha umma, si hatimiliki. Kwa hiyo sachi ya leo haitoshi. Mwambie wakili arudi nyuma hadi hati ilipozaliwa, na mpimaji aonyeshe kwenye ramani ya zamani palikuwa pameandikwa nini. Pakiwa pameandikwa "njia", "uwanja" au "hifadhi", geuza gari.

Bei isemeje?

Nyumba bila ardhi haina haja ya kulinganishwa na nyumba yenye hati. Ilinganishe na muda. Tuseme ina vyumba sita, kila kimoja kinapangishwa kwa 3,000 kwa mwezi: 18,000. Toa kodi ya kiwanja 1,000, toa 3,000 za mabati, choo na chumba kinachokaa kitupu. Zinabaki 14,000. Ikiuzwa 1,500,000, itakuchukua miezi 107 kurudisha fedha zako, karibu miaka 9. Sasa jiulize: mwenye kiwanja ana miaka mingapi, watoto wake wanaishi wapi, na kiwanja cha jirani kimeshaanza kuchimbwa msingi wa ghorofa? Kama huna mkataba uliosajiliwa na jibu linakupa miaka 5, mpe dalali bei ya miaka 4. Akicheka, mwache acheke. Nyumba za namna hiyo Mombasa hazijaisha.